Trei ya Jiko la Mkwe

Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kusafisha mikasi na visu vya chumba cha upasuaji, na mpaka leo, mwaka wa tatu wa kustaafu, mtaa mzima unamwita Sista. Damu na usaha havikuwahi kumkosesha chai ya saa nne. Jiko la mkwe wake liliweza.

Alikuwa amealikwa chakula cha mchana, mara ya kwanza tangu waliponuniana mwaka jana kwa sababu ya masufuria. Bintiye alimpigia simu mara mbili kumsihi. "Mama, leo uje kula tu. Usikague."

Jiko la gesi la kuchomea nyama lilikuwa uani, bado halijawashwa. Mkwe alifunua kifuniko kwa mbwembwe. "Nimelisugua asubuhi kwa ajili yako, mama."

Wavu uling'aa kwa juu. Lakini harufu ya mafuta yaliyochacha ilimpanda Sista puani mpaka kooni. Akapitisha kidole chini ya vyuma. Kilitoka na utando mweusi unaonata kama lami, na ndani yake uzi wa waya, mwembamba kama sindano.

"Hiki nini, mwanangu?"

"Wa brashi tu huo. Imezeeka kidogo."

"Mjukuu wangu akiumeza?"

"Mama, hapa si hospitali. Huo weusi ndio utamu wenyewe. Jiko ukiliosha sana, nyama inakosa ladha."

Binti, aliyesimama mlango wa jikoni, alimkata mama yake jicho.

Sista angeweza kunyamaza. Akainama, akashika ukingo wa trei ya chini, ya kukingia mafuta, na kuivuta. Iligoma, kisha ikabanduka kwa mlio kama wa plasta inayotolewa kwenye kidonda kibichi. Mafuta yalikuwa yameganda humo, unene wa vidole viwili, yakiwa na rangi ya usaha. Juu yake kulikuwa na nyayo za panya, vinyesi vyake, na mende aliyezama mgongo chini, sharubu lake moja likicheza bado.

Mkwe aliinama kuitazama. "Sikujua kama inatoka," alisema.

Jiko lile alilinunua miaka minne iliyopita.

Sista aliomba ndoo, mkwe akakataa katakata kumwachia mama mkwe uchafu ule. Alikwangua mwenyewe huku akitapika pembeni, Sista akimwelekeza: maji moto, sabuni, suuza, kitambaa. Brashi ilikwenda jalalani.

Walikula saa kumi. Kipande cha kwanza aliwekewa Sista, wote wakimwangalia. Kilikuwa laini, chumvi sawasawa. Akakimeza kama dawa, sharubu lile la mende likichezacheza machoni pake.

"Imeiva, baba," alisema.

Kisha akaivuta sahani ya mjukuu na kuanza kupapasa nyama kipande kwa kipande, akitafuta waya. Binti alimtazama, akasogeza na sahani yake mwenyewe.