Betri ya Drili Katika Mtama wa Stara

Anuari Salumu alikuwa mtu wa kurudi. Akifunga kibanda chake cha kutengenezea redio, pale Barabara ya Sita mjini Dodoma, alikuwa akifika karibu na msikiti, kisha anageuka kwenda kuhakikisha kama pasi ya kuchomea risasi kwenye nyaya ameichomoa. Siku zote alikuta ameichomoa. Mkewe, Nasma, alishazoea. Chakula alikipakua mumewe akirudi mara ya pili. Majirani walimtania kwamba hata siku atakayozikwa atarudi kutazama kama kaburi limefukiwa vizuri. Lakini redio iliyopita mikononi mwa Anuari ilikuwa hairudi, na hilo nalo walilisema.

Januari ya mwaka 1999, siku ya Jumatano, Octavian aliegesha pikipiki mbele ya kibanda. Octavian alikuwa bwana shamba wa Mlali, kijana wa kutoka Bukoba, mwembamba, na siku hiyo alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Alileta bomba la kupulizia dawa na barua ya Stara, dada yake Anuari, mjane aliyeolewa huko Mlali na kubaki huko hata baada ya mumewe kufariki.

Barua ilikuwa fupi. Viwavijeshi walikuwa wameingia. Walitoka shamba la jirani yake, Loisi, na sasa walikuwa kwenye mtama wake. Ekari tatu hizo ndizo zilikuwa chakula cha nyumba yake kwa mwaka mzima, na mwaka uliopita hakuvuna kitu.

Octavian alieleza yaliyobaki. Dawa anayo. Bomba analo, lile la mpini mrefu lenye kisahani mbele. Kisahani kinazunguka kwa umeme wa betri na kuigeuza dawa kuwa ukungu. Linataka betri kavu nane, zile kubwa za redio. Zamani zilikuja kwenye makasha pamoja na dawa. Sasa kila mtu ajinunulie, na madukani zimejaa za kila rangi, zenye karatasi zinazong'aa kama peremende. Alinunua nane Kongwa, zikafa kabla hajamaliza matuta kumi. Akanunua nane nyingine, hizo hazikumaliza hata matano. Viwavi sasa wamenenepa, alisema. Baada ya siku nne au tano watajichimbia ardhini wenyewe, ila hizo siku nne ndizo wanazokula kuliko siku zote.

"Dada yako anasema wewe huwezi kushindwa na betri," alimaliza. "Mimi nimemwambia betri ni betri, fundi. Akaniambia, nenda."

Anuari aliinua macho. Alikuwa anatazama rafu ya juu.

Pale palikuwa na betri mbili za drili. William, mtunza stoo wa kambi moja ya wajenzi wa barabara, alimpa miezi miwili nyuma, pamoja na chaja yake, baada ya drili yenyewe kuungua. Wenzake walimcheka kwa kufuga betri isiyo na mashine. Yeye alizipima, akaandika kwenye daftari: volti kumi na mbili, zote mbili, zinashika chaji vizuri. Betri kavu nane za volti moja na nusu ni volti kumi na mbili vilevile. Hesabu ilikuwa imekaa sawa tangu Octavian alipotaja nane, na hapo ndipo hofu yake ilipoanza, maana sasa hakuwa na sababu ya kukataa.

Alifanya kazi hadi adhuhuri ya siku ya pili. Alichukua kipande cha mninga, akakichimba kwa patasi hadi shingo ya betri ikaingia kama mguu kwenye kiatu. Ndani ya kikombe hicho cha mti alitega vibati viwili vya shaba alivyokata kwenye soketi ya zamani, kimoja cha chanya, kimoja cha hasi. Hakuwa na skrubu ndogo za kutosha. Akavishika kwa lami nyeusi aliyokwangua kwenye vichwa vya betri kavu zilizokufa, ile inayozibia juu. Mafundi wa redio wote wa mji ule huiyeyusha na kuitumia, ikipoa inakuwa ngumu kama jiwe. Akachonga jino upande mmoja ili betri isiweze kuingizwa kinyume. Akatoa waya wa hatua mbili hadi kwenye bomba, na katikati ya waya akaweka unywele mmoja wa shaba uwe fyuzi, maana betri ile ikigusishwa chanya na hasi inaweza kuchoma paa la nyasi.

Kisahani kilizunguka, kikalia kama nyuki. Octavian alitabasamu. Anuari alikizima na kukiwasha mara kumi na moja, kisha akakaa kuandika karatasi ya masharti. Isilowe. Isiangushwe. Vyuma visigusane. Ikilia kwa uchovu izimwe. Yalifika masharti manane, na bado aliona kama kuna moja limemtoroka. Alimsomea Octavian yote, akamtaka ayarudie. Octavian aliyarudia kama mwanafunzi, akafunga betri ya kwanza kwenye begi, akaondoka.

Ya pili ilibaki kwenye chaja, na mgao wa umeme ulikuwa umeanza. Umeme ulikuja saa mbili, ukakatika saa sita; taa ndogo ya chaja ikawaka, ikazimika. Anuari alikaa karibu nayo kama mtu anayeuguza. Ijumaa alasiri utingo wa basi la Kongwa alimletea karatasi yenye mwandiko wa Octavian: wamemaliza kwa Loisi na nusu ya kwa Stara, betri imechoka, aje na nyingine.

Jumamosi saa sita mchana alishuka Mlali, betri ya pili ikiwa kifuani chini ya koti. Aliona mtama kabla ya kuona nyumba. Upande wa juu ulikuwa wa kijani. Upande wa chini ulikuwa umebaki vijiti, na katikati ya pande hizo mbili majani yalikuwa yanatikisika ingawa hakukuwa na upepo.

Stara alikuwa uani anapepeta. Anuari alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusimama, akamwambia Octavian anakuja saa kumi jua likipungua, kwa hiyo akae anywe uji. Anuari aliuliza betri iko wapi. Stara alinyoosha kidole juu bila kugeuka.

Juu ya bati la jiko zilikuwa zimepangwa betri sita za redio, zimelala kwa usafi kama maandazi. Mwisho wa mstari ilikuwa betri ya drili, ikiwa bado ndani ya kikombe chake cha mninga.

Anuari alipanda kinu, akaishika, akaiachia. Akaishika tena kwa kitambaa. Plastiki ilikuwa imelegea na kuvimba. Mti ulikuwa umepasuka toka mdomo hadi kitako. Lami ilikuwa imeyeyuka, imetiririka hadi kwenye bati, na vile vibati viwili vya shaba vilikuwa vinaelea ndani yake, vimebakiza upana wa ukucha tu kugusana.

"Umeianika, dada."

"Si imechoka?" Stara aliacha kupepeta. "Nimesomewa masharti yako yote manane. Isilowe, ni wapi penye ukavu kushinda hapo? Isiangushwe, nimeiegemeza na jiwe. Na kuanika betri nani alinifundisha?"

Anuari alishuka kwenye kinu. Ni yeye aliyemfundisha. Walikuwa watoto mjini, redio ya baba yao ikianza kukoroma, na Anuari, mwenye miaka tisa, akipanda paani na betri mfukoni, akimwelekeza dada yake kwamba jua la saa saba ndilo lenye nguvu. Dodoma nzima huanika betri. Ndiyo maana sharti la tisa halikumjia: hakuna anayeandika jambo ambalo kila mtu analijua, hata pale lilipokuwa limegeuka kuwa kosa.

Stara alimtazama usoni, na sauti yake ikashuka. "Nimeiua?"

"Hii imekufa. Ninayo nyingine. Kikombe ndicho sina."

"Basi tengeneza."

Hapakuwa na pasi, wala mninga, wala muda. Alikwangua lami kwenye vibati kwa kisu, akavifunga kwenye shingo ya betri nzima kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Shingo ile ilikuwa nyembamba kwa juu. Tyubu ilikaa kidogo, ikateleza. Akafunga tena, ikateleza tena. Mara ya nne vyuma viligusana, unywele wa fyuzi ukawaka na kukatika, akachomoa mwingine kwenye waya na kuufunga mahali pake.

Octavian alifika, akaona, akaweka bomba chini. Ndipo Anuari akasema kwamba betri ataibeba yeye.

Wakaingia shambani hivyo. Octavian mbele na bomba, Anuari hatua mbili nyuma upande upepo unakotoka, kanga ya Stara ikimfunika pua na mdomo, vidole gumba viwili vimekandamiza vibati viwili. Akilegeza, kisahani kinapungua mwendo, dawa inadondoka matone na kuunguza jani. Akikaza vibaya, vyuma vinagusana. Hakutazama alipokanyaga. Alisikiliza sauti ya kile kisahani kama anavyosikiliza redio yenye ugonjwa uliojificha. Tuta hadi tuta, shaba ilipata joto, kisha ikawa moto. Mara mbili Octavian aliuliza kama wapumzike, na mara mbili Anuari aliona viwavi wakivuka tuta mbele yao, akasema twende.

Jua lilipogusa vilima walikuwa wamefika mwisho wa shamba. Vidole vyake havikukunjuka hadi Stara alipovikanda kwa maji ya vuguvugu.

Asubuhi Stara alikwenda shambani peke yake. Anuari alibaki uani, akishindwa kuinuka. Stara aliporudi alifungua kiganja: viwavi wanane, weusi, wamekauka kama nyuzi.

"Wameanguka," alisema. "Kote mlikopita. Upande wa chini umekwisha, pale nitapanda karanga. Ila ekari mbili nitakula."

Kisha akashusha zile betri sita za redio kutoka kwenye bati, akazitia kwenye redio yake, akafungua. Redio ikaongea kwa sauti safi. Alimtazama mdogo wake tu, hadi Anuari naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Anuari aliaga, akashika njia ya kituoni. Alifika. Basi la Dodoma lilikuwa linanguruma, utingo akimwita kwa mkono. Anuari alisimama na kutafakari kuwa hao viwavi wanane ameonyeshwa kiganjani, tuta la mwisho hajaliona kwa macho yake, na pale vidole vyake vilikuwa vimechoka kuliko kote.

Akageuka. Basi likaondoka.

Stara alikuwa ameshampakulia chakula.