Mzee Tvedt na Bango la Pointi

Mzee Orrin Tvedt alitundika namba kwenye bango la pointi la uwanja wetu wa besiboli kwa miaka arobaini na mmoja. Bango lenyewe ni kibanda cha mbao juu ya ukuta wa nyuma, na namba ni vipande vya bati vinavyoning'inizwa kwa mkono kwenye misumari. Alikuwa baba mkwe wangu. Namwita Baba hadi leo, ingawa mwanawe Duane, aliyekuwa mume wangu, aliuza nyumba yetu bila mimi kujua, akahama na mwanamke mwingine, kisha akautangazia mji mzima kwamba ulevi wangu ndio uliomfukuza. Sijawahi kuonja hata bia. Mama yake alimwamini, na dada zake vilevile. Baba peke yake ndiye aliyekuja kwenye chumba nilichopanga, amebeba kuku wa kuoka, akasema, "LaVonne, kula kwanza."

Kwa hiyo macho yake yalipoanza kufifia, nilipanda naye bangoni. Kufikia mwezi wa saba alikuwa amekosea mara tatu, na Kip, meneja wa uwanja, alimwambia, "Mzee, kosa moja tu tena, bango nampa mtu mwingine." Kip alidhani ni usahaulifu. Mimi nilikaa dirishani nikisimulia mchezo, naye akazitambua namba kwa vidole.

Siku ya mwisho ya msimu wageni wetu walikuwa timu ya Clinton. Warushaji wa pande zote mbili walikuwa moto, na wapigaji walikuwa wanachapa upepo tu. Awamu baada ya awamu, sifuri kwa sifuri. Baba alifurahi.

"Vijana hawa wananihurumia," alisema. "Sifuri naitundika hata usingizini."

"Usijisifu, Baba. Bado."

"Mwanangu, wewe hata harusini ungesema bado."

"Kwenye yangu ningelisema hivyo, ningeliokoka."

Akacheka mpaka akakohoa.

Awamu ya nane, zamu yetu ya kupiga, Yefri, kijana wetu kutoka Dominikana, aliuchapa mpira ukapenya katikati ya walinzi wawili. Mwenzake aliyekuwa kituo cha pili akatimua mbio mpaka kituo cha nyumbani, tukapata pointi. Moja kwa bila! Nilitoa kichwa na mabega nje ya dirisha nikipiga kelele, na hapo ndipo nilipotakiwa kuuongoza mkono wa Baba. Alipapasa, akaitundika moja yetu kwenye mstari wa juu, mstari wa wageni.

Watazamaji wakalipuka kwa kelele.

"We Tvedt! Umehamia Clinton lini?"

"Mnunulieni mzee miwani!"

Niliihamisha upesi, lakini simu ya ukutani ilikuwa tayari inalia. Niliiwahi mimi.

"Nani kafanya hivyo?" Kip aliuliza.

"Mimi." Maisha yangu yote nimebebeshwa makosa ya watu. Hili nililichukua kwa hiari yangu, wala halikuniuma.

Baba akanyoosha mkono. "Nipe hiyo simu."

"Baba, nyamaza, yamekwisha."

"Nipe, LaVonne." Akaiweka sikioni. "Kip, ni mimi niliyekosea. Sioni, mwanangu, tangu mwaka jana. Huyu ndiye macho yangu, usimguse."

Kip alijibu, nami nikasikia: "Malizia mchezo, Mzee. Halafu ushuke tuzungumze."

Sote wawili tulijua maana yake. Katika ukoo ule mzima, miaka yote ile, sikuwahi kumsikia mtu akisema "ni mimi". Nikaanza kulia.

"Unalia nini sasa? Nani ameshika gongo la kupigia?"

Nikajifuta, nikamsimulia awamu ya tisa. Mpigaji wao wa kwanza akatolewa, wa pili akatolewa. Wa tatu akaupiga mpira juu sana, ukaja upande wetu. Mlinzi alirudi nyuma, akarudi tena, mpaka mgongo wake ukagonga ukuta chini ya miguu yetu.

"Kaudaka?"

"Kaudaka, Baba. Tumeshinda."

Akatundika namba ya mwisho bila msaada wangu, akasimama kidogo, kiganja juu ya bati. Kisha nikatangulia kwenye ngazi, na kila alipoteremsha mguu niliushika, nikauweka mahali pake. Kip alikuwa anamsubiri chini, kofia mkononi.