Nyayo za Tata Chini ya Pikapu

Pu. Pu. Pu. Halafu kimya kidogo, halafu pu ya mwisho. Hata leo nikiwa nimelala naweza kuisikia: tata, baba yangu, anapiga magurudumu ya gari kwa kirungu chake cha mti, alfajiri, uani kwetu Kapata, kabla jogoo wa jirani hajaanza fujo zake. Dereva wa lori hapimi tairi kwa macho. Anapiga, anasikiliza. Iliyojaa inajibu, iliyolegea inanung'unika.

Siku nyingine zote za mwaka mlio ule ulimaanisha kwamba tata anaondoka, anakwenda Fungurume kupakia shaba aipeleke mpakani, na tutamwona tena, Mungu akipenda. Lakini siku moja ya vakansi, shule zimefungwa, katikati ya kiangazi, ulimaanisha kwamba tunaondoka naye. Tunakwenda ziwani, Nzilo, kwa pikapu ya kuazima. Mimi nilikuwa nimesharuka kutoka kitandani kabla ya pigo la mwisho.

Sasa ndiyo naelewa kwamba kwa tata yale hayakuwa mapumziko. Mtu ametoka barabarani jana yake, macho yamekuwa mekundu kama vumbi lenyewe, na siku yake moja ya kupumua tunamwambia atupeleke kutembea. Kwa gari. Na yeye ndiye anayeendesha. Mama alilijua hilo, ndiyo maana alikaa mbele akimwongelesha njia nzima asisinzie.

"Tata, unanisikia?"

"Ninakusikia."

"Nimesema nini?"

"Umesema... mihogo."

"Mihogo tuliiacha kule ku kilima. Sasa tuko ku ndoa ya jirani."

Sisi watoto, mimi na wadogo zangu wawili wa kiume, tulikaa nyuma katikati ya mabidoni ya maji. Ndiyo, tulikwenda ziwani tumebeba maji ya kunywa kutoka nyumbani. Mama hakunywa maji ambayo hakujua yamepita wapi, na kwetu, na migodi yote hii, ni nani anajua maji yamepita wapi? Asubuhi za kiangazi zina baridi. Tulijifunika kitenge kimoja watu watatu, pua zikitiririka, tukacheka kila shimo lilipoturusha.

Pale ziwani kuna kipande cha mchanga, si kirefu, na juu yake kilima chenye nyumba ya mawe ya zamani za wakoloni. Haina paa tena. Sisi tuliiita ngome. Nilikuwa nimeshaamua kwamba humo alikaa malkia, na kwamba dirisha lake kubwa lilikuwa langu. Kila mwaka tulipanda kule, sisi watatu na mama. Tata hakupanda. Tukifika tu, alitafuta mawe mawili ya kuzuia magurudumu, akatandika mkeka chini ya pikapu, akaingia. Aliona ziwa kama dereva anavyoliona: mahali ambapo barabara imekwisha. Kilichobaki cha tata kwa siku nzima kilikuwa nyayo mbili zilizotoka nje ya kivuli.

"Tata, leo utapanda na sisi?"

"Nikilamuka, mama."

Aliniita mama tangu nikiwa mdogo. Na alipoamka jua lilikuwa limeshainama, vyombo vimeoshwa, ni wakati wa kurudi.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa mwisho, nasi tulijua ni wa mwisho. Bosi wake alikuwa amempa njia ya Dilolo kuanzia mwezi uliofuata, na njia ile inameza mtu wiki nyingi. Nani angekuja tena kuazima pikapu? Mimi nilikuwa nimeshaacha shule, nauza maandazi na mama, lakini kichwa changu kilikuwa bado kwenye lile dirisha. Kutoka pale unaona maji yote mara moja, na vilima vilivyoungua, na moshi wa mbali, na huoni barabara hata moja. Nilitaka hilo tu. Nilitaka tata aone, walau mara moja, mahali pasipo na barabara.

Adhuhuri mama alimwamsha kwa kugonga bodi ya pikapu. Akatoka kwa magoti, akateremka majini kutawadha. Mikono, mdomo, uso, miguu mpaka kwenye vifundo: ndiyo sehemu yote ya tata ambayo ziwa lile liliijua. Kisha tukajipanga juu ya mchanga, yeye mbele, wadogo zangu nyuma yake, mimi na mama nyuma yao.

Tukasali rakaa mbili, akakaa, akatoa salamu kulia na kushoto. Amemaliza.

Wadogo zangu wakaangaliana. Adhuhuri ni rakaa nne. Mbili ni ruhusa ya msafiri, na ziwa letu si safari, unafika kabla chai ya asubuhi haijatoka tumboni. Lakini mwaka mzima tata alisali kando ya lori, mbili, mbili, mbili, mpaka mwili wake ukasahau hesabu ya mtu aliyefika.

"Tata ya batoto," mama akasema polepole. "Uko safari ya wapi?"

Akageuka, bado amekaa. "Nini?"

"Umesali mbili."

"Mbili?"

"Mbili. Za musafiri. Na batu yako ya nyumba njo hawa hapa nyuma yako."

"Mi nilizani tumepewa vakansi ingine," mdogo wangu wa mwisho akasema, na mama akamfinya sikio.

Tata alimwangalia mama, akatuangalia sisi. Kisha akaanza kucheka, mabega yakitikisika, mpaka akajifuta macho. Sisi hatukuzoea kumwona akicheka hivyo, tukacheka naye kwa woga kidogo.

"Mungu anisamehe. Mwili unazani uko tu ku parking ya malori. Simameni, tuanze tena."

Tukasali upya, nne, na kila aliposimama magoti yake yalilia. Alipomaliza hakurudi chini ya gari. Akanionyesha kilima kwa kidole.

"Leo ninapanda kule ku nyumba yenu ya malkia. Nikule kwanza. Na mukiona ninalala, munilamushe. Hata na maji!"

Nilimimina maji ya kunawa nikamwaga nusu kwa furaha. Tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo na samaki wa kukaanga, tata katikati yetu, anauliza mambo: nani amepasua suruali, nani amekuwa wa ngapi darasani. Kisha maswali yakawa machache. Tonge lilibaki mkononi mwake, halikwenda mdomoni, halikurudi sahanini. Mama akalitoa vidoleni mwake taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu.

"Ninyooshe mugongo tu," tata akasema, "kidogo tu," akaingia chini ya pikapu.

Nilisubiri. Wadogo zangu waliingia majini wakapiga kelele za baridi. Mama alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga.

"Enda mulamushe," akaniambia. "Amesema mwenyewe."

"Ee, njo ninaenda."

Nikachutama kando ya gurudumu. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga. Kidogo, unaachia, unakanyaga tena. Alikuwa usingizini na bado anaendesha, labda anateremka mteremko fulani na mzigo wa shaba mgongoni, na sisi huku juu tunamwita twende tukatembee. Nilikuwa na ruhusa yake, hata ya maji. Nikasema moyoni, mguu ukitulia nitamwita. Nikakaa pale mpaka magoti yakafa ganzi. Mguu ukatulia, kifua kikashuka chote.

Sikumwita.

Mama aliniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa, naye akarudi kwenye sufuria yake.

Nilipanda peke yangu. Majani yalikuwa yameungua, masizi yakanichora miguu. Ndani ya ngome, pale nilipokuwa nimeweka kiti cha malkia, kulikuwa na mti mwembamba umeota. Nikaegemea dirisha. Maji yalikuwa yote pale, na vilima, na moshi, na hapakuwa na barabara. Niliyaangalia kidogo tu. Macho yalirudi yenyewe chini, kwenye mchanga, kwenye pikapu iliyokuwa ndogo kama ya kuchezea, na nyayo mbili nyeupe za mchanga zilizotoka kwenye kivuli chake.

Hakukuwa na mtu wa kunicheka. Nikazipungia mkono.