Pasi Tuliyompa Magesa

Leo tumefungwa goli moja, na pasi ya goli tumeitoa sisi wenyewe.

Msinicheke kwanza. Nabandika karatasi hii mlangoni pa duka la ushirika, msije mkaisikia habari kwenye pombe imeshatiwa chumvi.

Magesa mnamjua, mshambuliaji wetu. Familia yake imehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa upande wa Butiama, na leo amerudi kucheza dhidi yetu.

Kijiji chao hakina jezi. Wenzake wamecheza vifua wazi, yeye kaja na ile yetu nyekundu, namba tisa.

Dakika za mwisho beki wetu Masatu anainua kichwa, anamwona Magesa palepale alipokuwaga anasimama miaka yote. Akampa mpira!

Na mimi mtunza jezi, mzee mzima, nikapiga kelele: "Piga, Magesa!"

Akapiga.

Hakushangilia. Aliufuata mpira mwenyewe kwenye shamba la pamba nyuma ya goli, akarudi, akavua jezi.

"Samahani, babu. Anayehama huacha jezi."

"Samahani ya nini, mjinga wewe? Umepiga vizuri."

Nikaikunja jezi, nikaitia kwapani.

Jumatatu lori linamchukua Masatu na mama yake, nao wanahamishwa. Tutabaki wanane, na ligi ya wilaya haijaanza.

Jezi zote kumi na moja nimezifua. Mazoezi ni Jumanne. Mwenye miguu aje, hata wewe mwenye kitambi.

Namba tisa nimeijaribu mwenyewe. Imeishia kifuani.