Siku Bi Zuhura Aliponiteremsha Mlima wa Yiti

Siku yangu ya kwanza ya kusomesha udereva, mwanafunzi wangu alishuka garini kabla hajawasha moto. Alikuwa msichana wa Sib, kandokando ya Maskati, kavaa abaya mpya, na baba yake kasimama pembeni anatutazama. Alishika sukani, akaiachia, akafungua mlango akenda zake. Nikabaki kitini nimekumbatia mkoba wangu, sijui nimfuate au nilie. Mkuu wetu wa wakufunzi, mzee tuliyekuwa tukimwita Mudir, akaja akainama dirishani.

"Vipi, Abla Rayya? Keshapasi?"

"Kakimbia, Mudir."

"Alhamdulillah. Ungemlazimisha, angekimbia na gari." Akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Kisha akatia maneno ambayo nimeishi nayo miaka yangu yote ya kazi: "Gari mtu hufundishwa akaijua. Khofu haifundishwi, huzoewa. Msubiri, atarudi."

Akarudi kesho yake, bila ya baba.

Nyinyi vijana mnaona wanawake wa Maskati wanaendesha mabasi ya skuli na teksi, mnadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Miye nililetwa hapa kutoka Unguja ningali msichana mdogo. Nyumbani kwetu Kiswahili, njiani Kiarabu, na nilipoanza kazi hii walimu wa kike, au abla kama tulivyoitwa, walikuwa wachache mno. Waume walitaka wake zao wasomeshwe na mwanamke mwenzao, kwa hivyo sikuwahi kukosa mwanafunzi.

Mtihani wenyewe ulikuwa na milango mitatu. Wa kwanza ni mapipa: yanasimamishwa mapipa uwanjani, nawe unaingiza gari katikati yake kinyumenyume bila ya kuligusa hata moja. Wa pili ni mwinuko: unapanda kilima kifupi, unasimama katikati, halafu unaondoka tena na gari isirudi nyuma. Hapo ndipo klachi ilipowatoa watu machozi, maana ukiiachia haraka gari inazima, ukichelewa inateremka na weye. Wa tatu ni barabara, pamoja na dawwari, yale mazunguko ambayo kila mtu huona zamu ni yake. Gari zetu siku hizo hazikuwa na pedeli za mwalimu. Silaha yangu ilikuwa handibreki na ulimi.

Baada ya miaka ya Sib nikahamishiwa Darsait, mtaa mwengine wa Maskati. Huko nilimkuta Mkufunzi Mkuu, mama mkali, mwenye kutembea na maji ya zamzam mkobani. Alinipokea kwa maneno machache.

"Wanafunzi wako huku wengi watakuzidi umri. Usiwaambie 'mwanangu', watakuchukia."

Bi Zuhura alinizidi umri kweli. Alikuwa mjane, anakaa ghorofa ya juu ya duka la fundi viatu, na binti yake Asma alikuwa na maradhi ya figo. Kila mara ilibidi apelekwe hospitali kuwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Majirani walikuwa wakimbeba kwa zamu, lakini jirani naye ana safari zake, ana harusi, ana maradhi yake. Siku moja gari iliyoahidiwa haikuja, na Asma akavimba uso na miguu. Siku ile ile Bi Zuhura alikuja kujiandikisha kwangu.

Shida ni kwamba marehemu mumewe alikuwa akichukua samaki kwa pikapu kutoka Yiti, kijiji cha wavuvi nyuma ya milima, na gari ilimshinda kwenye mteremko wa mlima. Bi Zuhura alikuwemo. Yeye alitoka na mkono uliovunjika, mumewe hakutoka. Tangu siku hiyo hakuwahi kukaa kiti cha mbele cha gari yoyote.

Hakutaka tuwe wawili tu, kwa hivyo alikuja na Nakato, msichana wa Uganda aliyekuwa akimsaidia nyumbani. Nakato alikaa nyuma, kimya, na chupa ya maji mapajani. Somo la kwanza lilikwisha bila ya gari kusogea. La pili pia. La tatu Bi Zuhura akaiachia sukani akajifunika uso kwa mtandio.

"Siwezi, Abla. Nikishika hii namuona marehemu. Unisamehe, nimekupotezea wakati."

Nilikuwa natafuta la kumwambia, mara Nakato akasema kutoka nyuma, kwa Kiswahili chake cha bara:

"Madamu, mimi nilipanda ndege sijui hata ninaenda kwa nani. Mtoto wangu nimemwacha na mama. Nilikuwa naogopa sana. Lakini ndege haiwezi kungoja woga iishe. Nikakuja nayo tu."

Bi Zuhura akageuka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama yule msichana sawasawa.

"Na mpaka leo unayo?"

"Siku ingine iko, siku ingine imelala."

Bi Zuhura akacheka, machozi bado yako shavuni. Akawasha moto. Tulikwenda mpaka mwisho wa uwanja na kurudi, gari inarukaruka kama mbuzi, na sisi sote watatu tunapiga kelele.

Alijifunza polepole. Mapipa aliyapata, barabara akaizoea, lakini mwinuko ulimwangusha mtihani zaidi ya mara moja. Gari ikianza tu kurudi nyuma, mwili wake wote ulikuwa ukikakamaa. Mwishowe yeye mwenyewe akanambia, "Abla, nipeleke Yiti. Kama nnaogopa mlima, basi twende kwa mlima wenyewe."

Tukenda asubuhi, sote watatu, hewa bado ina baridi. Kupanda alipanda vizuri. Tulinunua samaki Yiti, tukanywa chai, tukarudi. Tulipofika juu, kabla ya mteremko, kifua kikanibana kama mtu kanikalia. Mkono wa kushoto ukawa mzito, jasho la baridi likanitoka.

"Bi Zuhura, simama pembeni."

Akasimama, akavuta handibreki. Nakato akakilaza kiti changu, akanifungua mtandio, akashika simu. Mtandao hamna. Barabara tupu, milima mitupu. Nikamwambia Bi Zuhura kwa sauti iliyokuwa ikikatika kwamba tusubiri, labda gari itapita. Alizisukuma bangili zake juu ya mkono. Alitazama kona iliyokuwa chini yetu.

"Mahala penyewe ndipo hapa," akasema.

Kisha akaniangalia uso, naye alikuwa keshaona maradhi mengi maishani mwake, akajua kwamba kusubiri si dawa.

"Abla, weye nyamaza. Leo nasomesha miye."

Akakanyaga klachi. Nikamsikia anayasema maneno yangu yote kwa sauti, moja baada ya moja, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayesoma juzuu. "Gia ya pili. Breki usiikalie, iguse uiachie. Acha injini ikushikie gari." Hiyo ndiyo tunayoita breki ya injini: ukiwa kwenye gia ndogo, injini yenyewe huizuia gari isikimbie mteremkoni. Nakato alikuwa kaniwekea kiganja begani, anaomba kwa lugha ya kwao. Tulipoifikia ile kona, Bi Zuhura hakufumba macho, wala hakuongeza mwendo.

"Assalamu alaykum, baba Asma," akasema, akakata kona.

Akanifikisha mpaka mlango wa hospitali, taa za hatari zinawaka, kapita dawwari zote zilizoko njiani. Daktari alinambia baadae kwamba mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, na lau ningechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine.

Nilipona, alhamdulillah. Lakini niliporudi kazini nilikuta miguu hainipeleki garini. Nikikaa kile kiti cha mwalimu, kifua kilikuwa kikinibana hata kama hakina kitu. Mkufunzi Mkuu, yule mama mkali, aliniona nimesimama kando ya gari nimeshika mlango. Hakunigombeza.

"Kaa ofisini upokee simu," akasema. "Hakuna atakayekulaumu."

Nikakubali. Nilipokea simu mpaka siku ambayo Bi Zuhura alikuja nyumbani kwetu na sahani ya halwa, yeye na Asma.

"Nna mtihani wiki ijayo, Abla."

"Nenda na mwalimu mwengine, Bi Zuhura. Wako wazuri."

"Mwalimu mwengine hajui nnavyokakamaa."

Asma, aliyekuwa kajiegemeza kwenye mto, akanitazama tu. Nikafikiri: mtoto huyu hulazwa akachomwa sindano wiki baada ya wiki, na asubuhi yake anakuja kunipa pole miye. Nikavaa abaya yangu, nikenda naye uwanjani.

Siku ya mtihani Naqib, afisa wa polisi aliyekuwa akitahini, mtu wa maneno machache, alikaa naye mbele. Miye na Nakato tulisimama kwenye uzio. Pale mwinukoni gari ikasimama. Ikatulia. Tukaona midomo ya Bi Zuhura inacheza. Ikaondoka bila ya kurudi nyuma hata kidogo, na Nakato akapiga kigelegele mpaka askari wakageuka. Naqib aliposhuka akaniuliza, "Nani kamfundisha huyu kuzungumza na gari?"

"Kajifundisha mwenyewe, sidi."

Miye nilirudi kwenye kile kiti, nikakaa mpaka umri wangu wa kustaafu. Asma alipewa figo na khalati yake, ndugu wa Bi Zuhura, na leo ana watoto. Bi Zuhura hakuacha njia ya hospitali. Alianza kuwabeba wagonjwa wengine wa Darsait waliokuwa hawana gari, na wanawake wawili wa mtaa ule walikuja kwangu kujifunza ili washike zamu pamoja naye. Nakato alirudi kwao kwa mtoto wake, na siku moja akanitumia sauti yake kwenye simu: kapata leseni, anaendesha gari ya skuli. Alikuwa kasoma masomo yote yale akiwa kiti cha nyuma, nami sikujua.

Watu huniuliza kama niliwafunza wanawake ushujaa. Hapana. Nilikaa kando yao nikauona ukitoka, nao ulitoka kwa watu ambao hakuna mtu angewatazama mara mbili sokoni. Namshukuru Mungu kwa kunipa kiti kile.

Siku hizi nna miadi ya moyo kila baada ya miezi michache. Wanangu wako makazini, kwa hivyo Bi Zuhura hunijia. Sasa naye kazeeka, anaendesha polepole sana, na vijana nyuma yetu hupiga honi mpaka masikio yanauma. Juzi nikamwambia ajaribu kuongeza mwendo kidogo.

"Waache wapige," akanijibu, macho kayakaza mbele. "Wao wana haraka, sisi tuna uhai."