Watoto Wawili

Shule niliishia darasa la nne. Leo wenye digrii wanapanga foleni kwenye karakana yangu Ngarenaro, wanataka mageti. Najisifu, ndiyo; nisipojisifu mimi, nani? Lakini lipo jambo nikilikumbuka naangalia chini hata nikiwa peke yangu.

Ilikuwa sendofu ya binti yangu mkubwa, ukumbini Themi. MC akanipa maiki nitambulishe familia. Suti mpya, wateja wangu wakubwa meza ya mbele. Nikasema, "Mungu amenijalia watoto wawili. Bibi harusi huyu, mwalimu. Na kaka yake, fundi umeme." Makofi.

Ninao watatu.

Wa mwisho ana miaka ishirini na moja. Ugonjwa wa misuli ulimwondolea miguu akiwa darasa la sita, sasa unapanda kifuani. Sikumsahau. Nilimwona kabisa, yuko kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na spika, kapaka mdomo rangi nyekundu. Niliona aibu, basi.

Akamwomba MC maiki. Pumzi zake fupi, anakatakata maneno. "Shikamooni wazazi. Mimi ni wa tatu. Baba kahesabu wenye miguu tu."

Ukumbi ukaangua kicheko. MC akanirudishia maiki: "Mzee, malizia hesabu!"

"Huyu naye ni wangu," nikasema. "Ni mgonjwa."

"Baba! Wenzangu umewataja na kazi!"

Kazi yake niliijua. Kila geti nililojisifia mjini hapa alilichora yeye kwenye simu, kwa kidole kimoja kinachomtii bado. Mimi nachomelea tu. Na wateja wale wote nilishawaambia michoro inatoka kichwani mwangu.

"Anapenda kuchorachora," nikasema, nikakaa.

Likapigwa kwaito, lile la kucheza kwa mistari. Wenzake wa kwaya wakamsukuma mbele, akaongoza, anageuzwa pamoja na kiti chake kila mstari unapogeuka. Akipita kwetu akaita, "Baba, inuka basi!" Amenisamehe au amenizoea, sijui lipi baya zaidi.

Mke wangu akaninong'oneza, "Utamtaja siku ya kumzika?"

Nikainuka, nikamwinamia mteja mmoja. "Geti lako kalichora yule binti."

"Eeh?" Akaweka mkono sikioni, muziki ulikuwa juu.

Sikurudia.