Baba Nje ya Dirisha la Kanisa

Kanisa letu la Methodisti kule kijijini, upande wa Idodi, lilianzia sebuleni kwetu. Tulikuwa familia chache. Majirani wengi walikuwa Walutheri na Wakatoliki. Mama alipanga viti, baba alianzisha nyimbo, na mvua ikipiga bati hatukusikia mahubiri.

Baadaye tukapata kiwanja. Baba, fundi uashi, akajenga kuta za matofali ya kuchoma. Kaka yangu, seremala, aliyekuwa ameshaposa na kupanga harusi, akaunda kenchi za paa. Asubuhi waliyokuwa wakimalizia kuezeka, umande ulikuwa haujakauka. Kaka aliteleza, akaangukia ndani, kwenye sakafu aliyoimwaga baba. Hatukuwahi hata kupata gari la kumpeleka Iringa mjini.

Ibada ya kwanza chini ya mabati yale ilikuwa ya kumzika. Baba aliishia mlangoni.

Tangu siku ile hakuingia. Kila Jumapili alimsindikiza mama hadi mlangoni, kisha akazunguka na kukaa juu ya jiwe karibu na dirisha, akaimba kutokea huko. Wachungaji walikuja na kuhamishwa. Kila mmoja alimbembeleza, akashindwa. Watu walisema amegombana na Mungu. Nami nikaamini hivyo.

Mwaka jana kuta zilikuwa zimepasuka na waumini wameongezeka, ikaamuliwa kanisa livunjwe. Nilifunga duka langu la vitenge kule mjini ninakoishi, Mwanjelwa, nikasafiri kwenda kwenye ibada ya mwisho. Nikamkuta baba kwenye jiwe lake.

"Baba, leo ndiyo mwisho. Huingii?"

"Mwanangu, nikiingia nitatazama juu."

Miaka yote hiyo, kumbe ni hilo tu.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia. Alimshika baba mkono, akamwinua, wakaingia pamoja, wakakaa benchi la mwisho. Baba aliinamisha kichwa ibada nzima. Wimbo wa mwisho ulipoanza, akakiinua. Alizitazama kenchi moja baada ya nyingine, polepole, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake.

"Alipigilia vizuri," akasema.

Mama akaangua kilio, nami nikashindwa kujizuia. Baba aliendelea kutazama tu.

Kesho yake mabati yakashushwa.

Kanisa jipya ni pana, la matofali ya saruji na kenchi za chuma. Siku ya kulifungua baba aliingia bila kuombwa, akaketi mbele, akageuza shingo huku na huku. Tulipotoka akamwambia mama, "Mle ndani mwanetu hayumo."

Hajarudi tena. Mama huenda ibadani peke yake. Nikipiga simu nyumbani Jumapili asubuhi, baba ndiye anayepokea.